Picha za wafumwa wa zamani: zilitoka wapi, nani anazitafuta, na ufanye nini kama ipo nyumbani kwenu

Katika nyumba nyingi za Upare, kuanzia Usangi na Ugweno hadi Mbaga, Suji na Gonja, kuna picha moja ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa. Imetundikwa juu ukutani sebuleni, au imefungwa kwenye kitambaa ndani ya sanduku la bibi. Ndani yake yuko mzee aliyeketi kitini, amevaa kanzu na joho, fimbo mkononi, macho yakitazama mbele bila tabasamu. Wakubwa husema huyo ni babu aliyekuwa mfumwa, au mangi kama ukoo ni wa kaskazini. Wadogo hawajui zaidi ya hapo.

Picha kama hiyo ina watu wanaoitafuta. Wengine ni wanahistoria na wajukuu, wengine ni wafanyabiashara. Siku moja mgeni anaweza kupiga hodi, akaisifu nyumba, akaitazama picha, kisha akauliza bei. Mwenye nyumba ana karo ya kulipa, na picha yenyewe imeanza kufifia. Auze au asiuze?

Kabla ya kujibu, ni vizuri kujua kitu kilichopo mezani. Makala hii inaeleza picha za viongozi wetu wa zamani zilitoka wapi, jinsi ya kutambua aina uliyonayo, na namna ya kuitunza hata kama huna fedha za kumlipa mtaalamu.

Wanaokusanya ni akina nani?

Ulaya na Marekani kuna biashara ya muda mrefu ya picha za kale za watawala wa Afrika, Asia na visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Zipo picha za Sultani Barghash wa Unguja, ambaye alitembelea London mwaka 1875 na sura yake ikachapwa na magazeti ya picha ya huko. Zipo za Kabaka Mutesa wa Buganda, zilizochapwa katika kitabu cha Henry Stanley cha mwaka 1878. Zipo za Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa pembe na watumwa. Na zipo za wamangi wa Uchagani na wakubwa wa Usambara na Upare, wengi wao bila hata majina.

Anayekusanya anaweza kuwa mtu anayependa historia tu. Anaweza pia kuwa mfanyabiashara anayenunua kitabu kizima cha karne ya 19, akakata kurasa zenye picha kwa wembe na kuziuza moja moja, kwa sababu kurasa zilizotengwa humpa fedha zaidi kuliko kitabu. Ndiyo maana picha nyingi za watawala wa Afrika zinazouzwa leo zimetengana na maneno yaliyokuwa yakizieleza. Uso umebaki, habari zake zimepotea.

Picha hizi zilitoka wapi?

Kwa upande wa milima yetu, unaweza kuzigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni michoro ya wasafiri. Kabla kamera haijawa nyepesi, msafiri alichora kwa mkono, au alipiga picha ambayo baadaye fundi wa Ulaya aliichonga kwenye ubao ili ipate kuchapwa. Baron Karl von der Decken alifika Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862, na habari za safari zake zikatolewa katika vitabu vikubwa vyenye michoro. Oscar Baumann, raia wa Austria, alizunguka Usambara, Upare na Ugweno mwaka 1890, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kuhusu nchi hizo. Kumbuka kwamba fundi aliyechonga ubao kule Leipzig au London hakuwahi kumwona mtu anayemchora. Pua, mavazi na hata mlima wa nyuma vinaweza kuwa vya kubuni.

Kundi la pili ni picha za wamisionari. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1900 ikafungua kituo cha Shigatini, Upare kaskazini. Baadaye ilifika kusini, ikiwemo Mbaga, ambako mmisionari Jakob Dannholz aliishi na kuandika kitabu kuhusu imani na desturi za Wasu. Waadventista Wasabato nao walianza Mamba, Upare kusini, mwaka 1903. Wamisionari walipiga picha kwa bamba za vioo, wakazituma Ujerumani. Huko zilichapwa kwenye magazeti ya kanisa na kwenye postikadi ili Wakristo wa kule waone kazi inavyokwenda na watoe sadaka.

Kundi la tatu ni picha za biashara na za serikali. Wapiga picha walifungua studio Unguja, Dar es Salaam na Tanga, wakauza postikadi kwa maofisa, walowezi na mabaharia. Mmoja wao, Walther Dobbertin, alipiga picha nyingi sana katika koloni la Wajerumani kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Reli ya Usambara, iliyoanzia Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ilipita chini ya milima yetu na kurahisisha safari ya kamera. Wakati wa Waingereza, machifu walipigwa picha kwenye mabaraza na sherehe za serikali. Nyingi kati ya picha zilizomo majumbani leo ni za kipindi hicho, si za Wajerumani kama familia zinavyodhani.

Uliyonayo ni ya aina gani?

Huhitaji mashine. Tumia kamera ya simu yako. Isogeze karibu, vuta kwa vidole ikuzwe, kisha angalia sehemu yenye kivuli, kama shavu au mkunjo wa kanzu.

Ukiona mistari myembamba iliyopangana, kama mistari ya faili la fundi seremala, huo ni mchoro uliochongwa. Huenda umetoka kwenye kitabu au gazeti la karne ya 19.

Ukiona chembechembe zisizo na mpangilio, kama chaki iliyopita juu ya ukuta mkavu, huenda ni picha iliyochorwa juu ya jiwe na kuchapwa. Zenye rangi nyingi za namna hii zilipendwa sana kwa picha za watu wakubwa.

Ukiona nukta nyingi zilizopangwa kwa safu, kama za picha za gazeti la leo, basi imechapwa kiwandani. Njia hiyo ilienea kuanzia miaka ya 1890 na inatumika hadi sasa. Kwa hiyo nukta peke yake hazikuambii kama picha ni ya mwaka 1905 au ni nakala iliyotolewa juzi.

Ukikuza na huoni mistari wala nukta, bali kivuli kinachofifia polepole, huenda ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha. Hiyo itunze kuliko zote, kwa sababu inawezekana hakuna nyingine kama hiyo duniani.

Kisha igeuze. Nyuma ya picha mara nyingi ndipo penye habari. Tafuta muhuri wa studio, jina lililoandikwa kwa mkono, au tarehe. Kama ni postikadi ya Kijerumani ambayo upande mzima wa nyuma ni wa anwani tu, bila mstari wa kugawa nafasi ya ujumbe, kwa kawaida imechapwa kabla ya 1905. Stempu nayo inasema. Stempu za Wajerumani ziliandikwa Deutsch-Ostafrika na zilikuwa na meli ya Kaizari; thamani yake ilikuwa kwa pesa, halafu kuanzia 1905 kwa heller. Stempu iliyoandikwa Tanganyika peke yake, yenye twiga, ni ya miaka ya 1920. Iliyoandikwa Kenya, Uganda, Tanganyika pamoja ni ya mwaka 1935 au baadaye.

Usiamini kila kilichoandikwa chini ya picha

Maelezo yaliyochapwa chini ya picha za zamani yaliandikwa na mtu wa mbali kwa ajili ya msomaji wa mbali. Mara nyingi jina halipo kabisa; pameandikwa tu kwa Kijerumani kwamba huyu ni Mpare, au ni mkubwa wa kijiji. Neno lililotafsiriwa "chifu" lilitumiwa kwa mtawala, kwa mzee wa ukoo, kwa akida aliyewekwa na serikali, na hata kwa mtu yeyote aliyevaa vizuri siku ile. Majina yameandikwa kwa masikio ya Kijerumani, kwa hiyo herufi V ya Chasu inaweza kuwa W, na CH ikawa TSCH.

Mavazi nayo yasikudanganye. Joho na kilemba vilikuwa zawadi ya kawaida kutoka pwani na baadaye kutoka serikalini. Wapiga picha wengine waliwapa watu mikuki na ngao zao wenyewe ili picha ionekane ya "zamani" zaidi.

Kwa hiyo picha inahitaji masimulizi. Profesa Isaria Kimambo alilionyesha hilo alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare, iliyotoka mwaka 1969. Kwa karne ambazo hapakuwa na maandishi wala kamera, alikusanya masimulizi ya wazee wa koo mbalimbali, akayalinganisha. Ni kwa njia hiyo tunajua habari za Washana, wahunzi waliotawala Ugweno, na jinsi Wasuya walivyouchukua utawala wakati wa Angovi na mwanawe Mranga. Hakuna picha ya Mranga, na hatujaisahau habari yake, kwa sababu watu waliisimulia.

Picha pia haisemi kama mtu alitawala vizuri. Mwaka 1945 maelfu ya wananchi waliteremka kutoka milimani hadi Same kupinga kodi mpya iliyopewa jina la mbiru, na machifu walijikuta kati ya serikali na watu wao. Machifu waliendelea kushika madaraka hadi mfumo huo ulipofutwa mwaka 1963, baada ya Uhuru. Huenda babu aliyeketi kwa heshima kwenye picha ndiye aliyekuwa akilalamikiwa. Mjukuu hana haja ya kuficha hilo, wala ya kuitupa picha kwa sababu hiyo. Aandike yote mawili.

Wenzetu Wamaori walifanyaje?

Huko New Zealand, wenyeji wa nchi hiyo, Wamaori, wana historia inayofanana na yetu kwa upande huu. Viongozi wao, wenye chanjo za uso ziitwazo moko, walichorwa sana na Wazungu katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20. Mchoraji Gottfried Lindauer, aliyezaliwa Bohemia na kuhamia huko mwaka 1874, alichora picha nyingi za watu mashuhuri wa Kimaori. Tajiri mmoja, Henry Partridge, alimlipa achore picha kadhaa kwa ajili ya mkusanyiko wake, na mwaka 1915 akaukabidhi mkusanyiko huo kwa jumba la sanaa la Auckland. Nakala za picha za aina hii zilichapwa, zikauzwa, zikatundikwa katika nyumba za watu wasiojua hata majina ya waliomo.

Lakini kwa Wamaori, picha ya babu si pambo. Katika nyumba zao za mikutano picha za waliotangulia hutundikwa ukutani, na kwenye misiba huwekwa karibu na marehemu. Watu huzungumza nazo kama wanavyozungumza na mzee aliye hai. Ndugu walipotembelea picha za Lindauer walisimama mbele yake, wakalia, wakasema nazo. Leo jumba la Auckland huwashirikisha wazao katika matumizi ya picha hizo. Mnunuzi anaweza kumiliki karatasi, lakini uso unabaki kuwa wa ukoo.

Kwetu jambo hili si geni. Anayejua misitu ya mpungi, ambamo koo ziliwakumbuka waliotangulia, anaelewa kwamba mzee aliyekufa bado ana nafasi katika ukoo. Na jirani zetu wa Old Moshi wanaifahamu thamani ya uso wa mkubwa wao. Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na wazao wake wamekuwa wakitafuta fuvu lake huko Ujerumani kwa miaka mingi. Fuvu halijarudi, lakini picha yake ipo, na ndiyo inayowawezesha vijana kumtambua.

Mtu akija kununua

Swali la kwanza ni hili: picha ni ya nani? Aliyekaa nayo ni mtunzaji, lakini aliyemo ni babu wa wengi. Picha nyingi zimeuzwa na ndugu mmoja aliyekuwa na shida, na wengine wakajua kwenye msiba uliofuata walipoukuta ukuta mtupu. Ugomvi wa namna hiyo hauishi haraka. Kabla ya lolote, kaeni kikao cha ukoo.

La pili, usikubali picha iondoke "kwenda kupigwa nakala" mjini bila ndugu kuisindikiza. Nakala inaweza kupigwa hapo hapo nyumbani, mchana, kwa simu.

La tatu, fahamu sheria. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vya kale na kutaka kibali kabla ya vitu hivyo kutolewa nje ya nchi. Mnunuzi akisema anapeleka Ulaya, muulize kibali, kisha peleka swali hilo kwa afisa utamaduni wa wilaya.

La nne, kama mmekubaliana kuuza kitu, kwa mfano postikadi iliyonunuliwa na babu mwenyewe, basi pigeni picha pande zote mbili kwanza, mwandike jina la mnunuzi na tarehe, na mbaki na nakala. Kwa picha halisi ya mtu wa ukoo, ushauri wa makala hii ni mfupi: msiuze.

Jinsi ya kuitunza

Maadui wa picha milimani ni unyevu, moshi, jua na wadudu. Ukungu wa Chome au Mbaga hutosha kuotesha madoa meusi kwenye karatasi kwa masika machache tu.

Iondoe jikoni na kwenye ukuta unaopigwa na jua. Usiiache ikigusa kioo cha fremu moja kwa moja, kwa sababu unyevu ukiingia, picha hugandana na kioo. Weka vipande vyembamba vya karatasi ngumu pembeni ili kuwe na nafasi kidogo.

Usiipake gundi, usiibandike selotepu, na usiipeleke kwenye laminesheni. Laminesheni inaonekana kama kinga, lakini joto na gundi yake vinaunganika na picha milele, na hakuna fundi atakayeitenganisha. Usiifute kwa kitambaa chenye maji.

Kama haitundikwi, iweke kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni ili mchwa wasilifikie. Ukitaka kuandika nyuma, tumia penseli laini na uandike pembeni. Wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili.

Kisha ipige picha kwa simu. Ilaze mezani karibu na dirisha, zima mwanga wa kamera, simama juu yake ili simu iwe sambamba na meza, na upige mbele na nyuma. Tuma nakala kwa ndugu watatu au wanne wanaoishi sehemu tofauti. Simu moja ikiibiwa, picha haijapotea. Ukiituma kwenye kundi la WhatsApp, ichague kama faili, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp hupunguza ubora wa picha.

La muhimu kuliko yote, kaa na mzee anayemfahamu aliyemo. Washa kinasa sauti cha simu, mwonyeshe picha, mwulize: Shikamoo babu, huyu ni nani? Mtoto wa nani? Alikaa wapi? Walio nyuma yake je? Picha ilipigwa kwa ajili gani? Mwache aseme kwa Chasu au Kigweno kama ndiyo lugha inayomjia. Karatasi inaweza kudumu miaka mingine 50, lakini anayejua jina anaweza asiuone mwaka ujao.

Kutafuta picha nyingine kwa simu

Kama kwenu hakuna picha, inawezekana ipo kwingine, na huhitaji kuinunua. Picha nyingi za Misheni ya Leipzig, zikiwemo za Upare, zimewekwa wazi kwenye maktaba ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Southern California, katika mkusanyiko uitwao International Mission Photography Archive. Hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, ilitoa maelfu ya picha kwa Wikimedia Commons kuanzia mwaka 2008, na za Dobbertin zimo. Hapa nchini, nyaraka za kipindi cha Wajerumani zimetunzwa na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Unapotafuta, andika majina kwa tahajia za zamani pia: Schigatini, Wudee, Usambara, Pare. Utatumia bando kidogo, kwa hiyo anza na picha ndogo kabla ya kufungua kubwa. Ukiona sura unayoidhania, usiseme haraka kwamba ni babu yako. Ipeleke kwa wazee wawili wasiokaa pamoja, muulize kila mmoja peke yake. Wakitaja jina lile lile bila kuelezwa, una jambo la kupeleka kwenye kikao cha ukoo.